Alama za Penseli

Mambo haya yalimkuta rafiki yangu Mbwana wa Msambweni, mtu asiyechoka kubomoa na kujenga upya nyumba yake. Mwenyezi Mungu anisamehe, aliyemchanganyia saruji nilikuwa mimi.

Chumba cha nyuma alikwisha kuziba dirisha lake, sasa akataka kutia vigae. Mkewe, Twaiba, akasimama mlangoni.

"Baba Husna, chumba hiki kiache. Ufuo wa mama ulichimbwa humu. Maji aliyooshewa alipokufa yamo hapo chini."

"Basi lala papo hapo nikupime, nijue vigae vingapi vitakufunika."

Akamshika mkono, akamlaza kwa nguvu. Twaiba analia, naye anachora penseli sakafuni, kichwani na visiginoni pake. Nami nilicheka. Astaghfirullah, nilicheka.

Twaiba akavaa buibui lake, akaenda kwao Jego.

Ijumaa, baada ya swala, Mbwana aliingia kuchukua vipimo ili aende Ukunda kununua vigae. Mle ndani mlikuwa giza mchana kweupe. Akasikia maji yakimiminwa polepole, kata baada ya kata, kisha kimya. Akawasha tochi ya simu. Sakafu yote ilikuwa kavu, ila ukanda mmoja uliolowa kuanzia alama ya kichwa. Ulipita alama ya visigino, ukaishia kwenye alama ya tatu, ambayo yeye hakuichora.

Aliniita. Nikaupima ukanda ule kwa mkono wangu, kisha nikampima yeye, amesimama ukutani, penseli ingali sikioni.

Futi tano na inchi kumi. Vyote viwili.