Kamera Isiyo na Chenga

Kata aliambiwa. Tuliweke hilo wazi mapema, maana ukimuuliza leo atakuzungusha kwa maneno mpaka kichwa kikuume. Aliambiwa, akasikia, akanyamaza.

Jioni ile alikwenda kwa fundi wa kamera kabla duka halijafungwa. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na jina la Kata alipewa na maharusi wenyewe, kwa vile alizoea kumsimamisha bibi harusi katikati ya kukata keki na kupaza sauti, "Kata! Turudie!" Harusi zilikuwa za kujaza tumbo tu. Moyoni alikuwa na filamu yake mwenyewe, ya mwanamke mshonaji anayemngoja mtu asiyerudi. Filamu nzima ilitakiwa kupigwa saa ya magharibi, ndani ya chumba kimoja, kwa mwanga wa dirishani. Taa hana. Mwigizaji naye hana, isipokuwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Fundi, mzee wa mikono mirefu na maneno machache, akampangia kamera mbili mezani. Ya kwanza mpya, nyepesi, bei ya kuvutia. Wakazima taa, Kata akajirekodi mkono wake. Chenga tupu! Ngozi yake nyeusi ikatoka kijivu. Ya pili picha yake safi, lakini betri ilizima hata kabla hawajamaliza kuisifu.

"Na ile?" Kata akauliza.

Ilikuwa rafuni, imefunikwa kitambaa, jina la kampuni limekwanguliwa. Fundi akaishusha taratibu, akaielekeza lenzi ukutani. Kata akaona jambo la ajabu. Mzee yule alizunguka meza nzima ili asipite mbele yake.

Kata akanyoosha mkono aijaribu kama mwanzo. Fundi akamdaka.

"Usiweke mkono," alisema. "Weka kiatu."

Mwenzangu, kiatu! Kata akavua cha kwake, cheusi, kimejaa vumbi la njiani. Kwenye skrini kiatu kile kikang'aa katika giza, kila mshono unaonekana, weusi wake mzito, hakuna hata chembe ya chenga. Na ndani ya kamera kukatoka sauti ndogo, ya mtu anayefyonza chai ya moto.

Fyoo...

"Ni feni yake," Fundi alisema, bila kumtazama.

Bei ilikuwa chini kuliko ya ile ya kwanza. Kata akauliza kulikoni. Fundi akasogea mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Usimpige mtu unayempenda," akanong'ona.

"Mke sina, mzee. Niko salama!"

Fundi hakucheka. Nyuma ya pazia la duka, mtu akakohoa mara moja.

Nyumbani, dada aliigeuza kamera mikononi akiikagua kama anavyokagua kitambaa cha sokoni. "Rahisi huvunja upishi, mdogo wangu. Hawakukwambia ina kasoro gani?"

"Haina kasoro," Kata akajibu.

Haya. Hapo ndipo.

Kesho yake jioni walianza. Dada aliketi kwenye cherehani yake kando ya dirisha, mguu kwenye pedali, gauni la bluu mwilini. Kata akainamia skrini, akasahau kuhema. Uso wa dada yake ulikuwa umewaka. Weusi ule mzuri ambao kamera zote alizowahi kushika ziliuua, hii iliuelewa. Alimwona dada wa zamani, aliyekuwa akimbeba mgongoni kumvusha matope ili afike shule na soksi nyeupe. Machozi yakamlenga.

Fyoo...

Chumbani kukanuka nguo iliyofungiwa sandukuni miaka mingi. Kata akainua uso kutoka kwenye skrini. Dada aliyekaa pale mbele yake alikuwa amepauka, utadhani ametoka kinuni kusaga unga.

Ni mwanga, akajiambia. Magharibi ina mambo yake.

Siku ya pili dada alishona amejifunga shali, na jua lilikuwa kali. "Nimeoga mara mbili," alisema akicheka, "nimejipaka mafuta kopo zima, majivu hayatoki! Wateja wananiuliza kama naumwa."

"Pumzika basi," Kata alisema, na sauti yake mwenyewe ikamwonea haya.

"Nipumzike, na filamu yako? Washa bwana, mwanga unakimbia."

Akawasha. Walirudia shoti mara sita. Kata! Turudie! Kila wakirudia, yule wa kwenye skrini alizidi kunawiri, na huyu wa kwenye kiti alizidi kufifia. Kata aliona. Macho yake yalikuwa mazima, na kazi yake ni kutazama. Ilipofika mara ya sita, vidole vya dada juu ya kitambaa vilikuwa na rangi ya jiko lililozimika.

Akasema, "Moja tena."

Usiku hakulala. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Fundi kabla ya kufuli kufunguliwa, ameikumbatia kamera.

Mzee alimtazama usoni, akashusha pumzi, akalivuta pazia la nyuma ya duka. Kulikuwa na kiti, na juu ya kiti mwanamke. Hai. Alikuwa wa kijivu tangu nywele mpaka nyayo, mikono imewekwa mapajani, macho yanafuata mtu. Ukutani juu ya kichwa chake palining'inia picha yake mwenyewe, kubwa, yenye rangi zilizokolea kiasi kwamba Kata alihisi joto likitoka kwenye karatasi.

"Mke wangu," Fundi alisema. "Na mimi nilidhani ni mwanga."

"Nikifuta? Nikifuta zote, rangi si itarudi?"

"Nilifuta moja tu. Video ile aliyokuwa anaongea. Tangu siku hiyo hajatamka neno."

Mwanamke yule akakohoa.

"Sasa mbona uliniuzia?" Kata akapiga kelele. "Mzee mzima, mbona ulinipa?"

"Nilikwambia."

"Ulininong'oneza!"

"Na ulisikia," Fundi alisema kwa upole, na kwa sauti ya mtu ambaye amejijibu hivyo mara nyingi. "Nilitaka kuona kama yupo atakayeacha. Usiendelee, mwanangu. Kilichobaki kwake kitabaki. Usiongeze hata moja."

Kata alitembea mjini kutwa nzima. Aliyapanga maneno, akayapangua. Dada, tuache. Dada, nilikosa. Filamu ilikuwa imebakiza shoti moja tu, ya uso wa karibu, mshonaji anapogundua kuwa anayemngoja hatakuja. Bila hiyo, hakuna filamu. Aliapa kwamba akifika tu, kabla hata ya salamu, atasema.

Alipofika, dada alikuwa ameshajiandaa. Gauni la bluu, kiti kando ya dirisha, mikono imetulia. Mwanga ulikuwa ule ule ambao mpiga picha huusubiri mwezi mzima.

"Umechelewa," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Njoo tumalize."

"Dada..."

"Eeh?"

Kata alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Aitazame tu, alijiambia, aone fremu, halafu aseme. Akainama. Na ndani ya skrini dada yake alikuwa mzuri kupita kiumbe chochote alichowahi kukitazama, na machoni mwake mlikuwa na huzuni ambayo hakuna mwigizaji wa kulipwa angeileta.

Kidole kikabonyeza.

Fyoo...

Ndefu, safari hii. Ya mtu anayemalizia kikombe.

Kata hakuthubutu kuinua kichwa.

"Nimejua tangu juzi," dada akasema kutoka kitini, taratibu. "Nilijiona kwenye hicho kioo chako kidogo ulipokwenda kunywa maji. Nikasema, ngoja, mdogo wangu ataniambia. Jana nikasema, ataniambia kesho. Na leo umeita 'dada', nikajua sasa anasema."

Kata alilia mpaka akakosa sauti. Dada akaja, akamfuta uso kwa ncha ya shali, na kitambaa kilikuwa na baridi ya maji ya mtungi.

Filamu ilimalizika. Ilipoonyeshwa ukumbini, watu waliangua kilio. Kata alikaa safu ya nyuma, na pembeni yake dada, mikono mirefu ya gauni, shali mpaka kidevuni, uso wa kijivu. Taa zilipowashwa, mama mmoja wa safu ya mbele akageuka huku akijipangusa macho. Alimwangalia dada, macho yakapita.

"Mwongozaji, hongera sana. Yule mwanamke wa cherehani, yule mzuri... siku hizi yuko wapi?"

Kata alifungua mdomo aseme ukweli. Kweli kabisa alitaka kusema. Dada akambana mkono chini ya shali, akamjibia:

"Alisafiri."

Na Kata, Mungu amsamehe, akashukuru moyoni kwamba hakulazimika kujibu.