Kichwa cha Cherehani

Kila asubuhi Sindano aliamshwa na mlio wa cherehani ya mama yake. Jina hilo la utani alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakuna tundu asilopenya. Alikuwa darasa la sita. Akishaoga na kunywa chai, alikaa sakafuni kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye mishono, huku mama, fundi aliyesifiwa mtaa mzima, akikanyaga pedali.

Lakini siku za karibuni alikuwa amepewa kazi nyingine. Mlango ukigongwa, mama aliinyamazisha cherehani na kujibanza nyuma ya pazia la chumbani, na Sindano alifungua na kusema, "Mama hayupo."

"Hayupo," alisema mdai mmoja asubuhi hiyo, mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa. "Na cherehani niliyoisikia nikiwa barabarani ilikuwa inajishonea yenyewe?"

"Nilikuwa najifunza, baba."

"Basi mwambie fundi mkubwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kujificha hakujawahi kumponya mtu."

Sindano alifunga mlango. Uongo alikuwa ameuzoea kama mswaki, na hilo ni jambo baya kwa mtoto, hata kama aliyemtuma ni mzazi wake.

Deni lenyewe lilianza kwa nia njema. Mama alikopa anunue vitambaa vya sare za shule moja. Sare zikashonwa, zikavaliwa, kisha shule ikafungwa bila kulipa hata shati moja. Akakopa kwa huyu amlipe yule, na kwa wa tatu amlipe wa pili, kila mmoja na riba yake, mpaka maji yakamfika shingoni.

Jioni hiyo alikuja mjomba, kaka yake mama, muuza mkaa na hodari wa kutoa ushauri ambao hakuombwa. Mama akamweleza kwamba alikuwa amekwenda kwa mwanasheria anayesaidia watu bila malipo.

"Kwanza tuliwaomba wadai wote nilipe kidogo kidogo. Wengine walikubali, yule mkubwa akakataa katakata. Kwa hiyo nimeomba mahakama initangaze mufilisi. Nimeapa na kutaja kila nilicho nacho. Kesho afisa anakuja kuhakiki."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Dada, umejichimbia kaburi. Mufilisi ni mtu anayeachwa na nguo za mwilini tu. Hao wakija hawaachi hata mwiko."

"Mwanasheria hakunieleza hivyo," mama alianza, lakini mjomba alikuwa keshapanda jukwaani, na mtu wa namna ile akishapanda huwa haambiliki.

Nyuma ya pazia, Sindano hakutaka kusikia zaidi. Maneno ya mjomba yalimtosha. Bila cherehani wangekula nini?

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alipotoka kumpelekea mteja nguo zake, Sindano alivua mkanda kwenye gurudumu na kukinyanyua kichwa cha cherehani kutoka mezani, kama alivyomwona mama akifanya siku za kukisafisha. Kilikuwa chuma kizito. Alikikumbatia akiyumba mpaka uani, akakishusha ndani ya pipa bovu na kukifunika kwa magunia. Alijiona shujaa.

Mama alirudi akiwa ameongozana na afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani na asiye na haraka. Waliangalia runinga, kabati la vioo, vitambaa vya akiba. Kisha wakafika kwenye meza ya cherehani. Katikati palikuwa na shimo.

"Cherehani moja, inafanya kazi," afisa alisoma kwenye orodha ya mama. "Kichwa chake kiko wapi?"

Mama alipigwa na butwaa. "Asubuhi kilikuwepo. Nimeibiwa."

"Na mwizi huyo akaiacha runinga, akabeba chuma?"

 Mama alishika ukingo wa meza kana kwamba nyumba inayumba.

Afisa alivua miwani. "Dada, nisikilize vizuri. Mahakama ikikubali kuwazuia wadai wako, itafanya hivyo kwa sababu umeapa kwamba umeonyesha kila kitu. Kitu kimoja kikifichwa, ombi lako linaweza kutupwa, na kuficha mali ni kosa ambalo watu hufungwa kwalo. Nikitoka hapa bila kukiona, nitaandika kwamba hakipo."

"Naapa sijui kilipo."

Sindano aliwaza haraka. Akisema, cherehani itabebwa, na atakayekuwa ameitoa ni yeye. Akinyamaza, mama yake, ambaye safari hii alikuwa akisema kweli tupu, ataitwa mwongo. Afisa akafungua kalamu.

"Ni mimi," Sindano alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe. "Nimekificha mimi. Mama hajui. Tafadhali msimfunge."

Walikwenda uani wote watatu. Mama alikitoa kichwa kwenye pipa, akakifuta vumbi kwa kanga, akakirudisha mezani na kufunga mkanda. 

"Sasa mtaibeba?" Sindano aliuliza akilia.

"Nani kakwambia tunabeba cherehani ya fundi?" afisa alisema. "Kitu ambacho mtu anatafutia riziki kinaachwa. Vitanda pia, na vyombo vya kupikia. Runinga, kabati na vitambaa vitauzwa, wadai wagawane. Deni litakalobaki, mahakama ikiridhika baada ya muda, litafutwa. Si mteremko, maana mama yako hatakopa ovyo tena, na itachukua miaka watu kumwamini. Lakini wewe ulificha kitu ambacho sheria ilikuwa inakilinda. Kama ungenyamaza, ndipo mngekipoteza."

Aliandika kwamba mtoto alikihamisha bila kumwambia mama yake, na kwamba alikiri mwenyewe. Kisha akaaga.

Sindano alisubiri kofi. Mama alimvuta karibu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na wewe nilikuonyesha mimi. Nilikufundisha kuficha, ulipoona hatari ukaficha. Nisamehe. Kudaiwa si dhambi. Siku ile nilipokopa ili nilipe deni jingine, ndiyo siku niliyopaswa kutafuta msaada, lakini nikaona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Wakiniuliza shuleni mufilisi ni mtu gani, niseme nini?"

Mama alimfuta machozi. "Sema ni mtu aliyeshindwa kulipa, akakiri mbele ya mahakama kwamba ameshindwa, akaonyesha kila alicho nacho. Aibu ipo, sitakudanganya. Lakini aibu huisha. Hofu ya kugunduliwa haiishi mpaka useme."