Shikamoo ya Mfalme wa Majoka

Joka lilichomoza ukutani kichwa kwanza, likatikisa ndevu zake za moshi, na watu wote waliojaa Ukumbi wa Njozi wakarudi nyuma kwa pamoja hadi viti vikagongana. Mgongoni mwa joka alisimama Mfalme Kazeru, nywele za fedha zikipepea, macho makubwa kama ya wahusika wote wa anime, upanga begani. Hakuwa picha ya kutazamwa tu. Mchezaji alivaa kotihisi, vazi jepesi lililofumwa kwa nyuzi za kupokea mguso, akaingia mwenyewe ndani ya tamthilia na kupigana naye kwa mtindo wa magemu ya zamani: ruka, chuchumaa, piga, kinga. Upanga wa Mfalme ukikupata, bega linawaka kweli.

Kampuni ya Njozi ilisema Mfalme anaendeshwa na akili mnemba iliyolazwa chumba cha chini, inayopozwa usiku na mchana. Mji mzima wa Morogoro uliamini. Zamda Kibwana, mhandisi wa kotihisi, hakuamini sana, ingawa mshahara wake ulitoka humo humo. Bomba la kupoza mtambo lilipita nyuma ya karakana yake, na kila alipoligusa lilikuwa vuguvugu tu. Mtambo wa kufikiri kwa kasi ile ungetoa joto la kuchemshia chai ya ukumbi mzima. Alipomuuliza mkurugenzi, Bwana Mhando, alijibiwa kwa tabasamu.

"Mhandisi, wewe shughulika na makoti. Ubongo tuachie sisi."

Tabasamu hilo halikumkaa vizuri. Lakini siku hizo kulikuwa na mengi yasiyomkaa vizuri. Mdogo wake, Shaweji, alikuwa amechukuliwa na wakala kwenda kuchimba madini mwezini, na kila mwezi sauti yake ilifika nyumbani: mimi mzima, kazi nzuri, msalimieni mama. Mama yao aliwasikilizisha majirani, akalia kwa furaha. Zamda alisikiliza akiwa amekunja uso. Shaweji aliyemjua yeye hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kumtania mtu.

Jumamosi moja alasiri, koti moja lilianza kusumbua, na Zamda akaamua kulijaribu mwenyewe jukwaani. Hakuwahi kuingia, tangu Shaweji aondoke hakuwa na hamu ya gemu. Koti likachora sura yake halisi juu ya mwili wa shujaa mwenye deraya, joka likashuka, na Mfalme Kazeru akainua upanga.

Kisha akaushusha. Akachuchumaa mara mbili, taratibu.

Watazamaji wakacheka. Zamda aliijua ishara ile.

Walikokulia yeye na Shaweji, Mji Mpya, kulikuwa na kibanda cha gemu cha Mzee Chaurembo, na kibanda kile kilikuwa na sheria yake. Mdogo akikutana na mkubwa wake kwenye skrini, mpiganaji wake sharti achuchumae mara mbili. Hiyo ndiyo shikamoo. Mkubwa naye huruka mara moja. Hiyo ndiyo marahaba. Bila marahaba hakuna ngumi, hata mkae mpaka jioni. Asiyeamkia alinyang'anywa pedi ya kuchezea na kutolewa nje. Ilianza kama utani wa watoto, ikaja kuwa adabu kamili, na kibanda kilipobomolewa kupisha reli ya angani, ikabaki kwa wale wachache waliochezea pale.

Labda wamemnakili Shaweji, Zamda aliwaza. Kampuni za aina hii hukusanya kila kitu, zingeshindwaje kuokota uchezaji wake? Lakini nakala ingeamkia, halafu ingepiga. Shaweji asingepiga kabla ya kuitikiwa. Basi akasimama kama mti, akakataa kuruka.

Mfalme akangoja. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mfalme akachuchumaa tena, na tena, kwa haraka, kama mtoto anayedhani mkubwa wake hajamsikia. Ndani ya koti lake, Zamda alikuwa analia.

"Hitilafu ndogo, mabibi na mabwana," spika ilitangaza.

Hapo alimwona Bwana Mhando akishuka mbio kutoka ofisi yake ya vioo, chupa ya maji ya glukozi mkononi, mpira wake wa dripu ukining'inia. Jamani, mtu hukimbilia programu na chupa ya glukozi? Zamda aliruka kutoka jukwaani na koti lake mwilini, akamfuata ngazi hadi ngazi, akatia mguu mlangoni kabla haujafunga.

Chumba cha chini hakikuwa na mtambo wowote mkubwa. Kulikuwa na vitanda. Watu walilala juu yake wakiwa wamenyolewa vichwa, nyaya zimewaingia nyuma ya masikio: huyu akiendesha joka, yule mchawi, wale askari. Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Shaweji. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na vidole gumba vyake vilikuwa vinabofya hewa.

"Walikubali wenyewe," Mhando alisema, akihema. "Mashine ilikuwa adui mzuri kwa wiki mbili, kisha watu wakaizoea. Hila inataka mtu."

"Na sauti za kutoka mwezini?"

Mhando akatazama sakafu. "Hizo ndizo za akili mnemba."

"Mchomoe."

"Sikushauri, mhandisi. Kichwa chake tulikihitaji chote. Yaliyokuwamo tuliyahamishia kwenye gemu, ukimchomoa..."

Zamda hakumsubiri amalize. Alijua nyaya, alizichomoa moja moja, kwa mpangilio wake. Juu yao ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Mfalme Kazeru alikuwa ameanguka, na watoto walikuwa wanaimba kwamba amekufa.

Shaweji akafumbua macho.

"Mdogo wangu," Zamda alisema, akamshika uso kwa viganja viwili. "Ni mimi. Yamekwisha, twende nyumbani."

Shaweji alikuwa anasikiliza vishindo vya miguu darini.

"Nirudishe," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wananisubiri."

"Hata mama anakusubiri, Shaweji. Kila siku anakusubiri."

Kule juu, ndani ya mwili wa Mfalme, alikuwa amemtambua mara moja. Sasa alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mgeni.

"Mama gani?" akauliza.