Ua Ile Imekauka

Kila asubuhi Elinipa aliamka akiwa bado na uchovu wa jana. Alichukua ndoo, akateremka mpaka kwenye mfereji, akachota maji, akapanda nayo mlima polepole. Kisha alimkatia ng'ombe majani ya migomba, akafagia mbele ya nyumba, akanywa chai na kwenda shule. Jioni kazi zilikuwa zinamngoja zilezile.

Hakuzizoea. Kwao ni Lemara, mjini Arusha, ambako bomba liko karibu na mlango na maziwa hununuliwa dukani. Lakini mama yake, Ruth, alikuwa na mimba iliyomsumbua, na daktari alimwagiza alale kitandani mpaka ajifungue. Baba yake aliendesha lori la mizigo na mara nyingi alikuwa safarini. Ndiyo maana Elinipa, msichana wa miaka kumi na miwili, alipelekwa kwa Bibi Naipanoi, mama wa mama yake, katika kijiji kimoja juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Akahamishiwa shule ya hapo.

Bibi Naipanoi naye alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa wa miaka. Magoti yalimuuma. Tangu mumewe, Babu Melkizedeki, afariki, kahawa na migomba vilimtegemea yeye. Alipokaa kwenye kigoda alishusha pumzi, na alipoinuka alishusha nyingine.

Lugha ya Bibi ilikuwa Kimeru. Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni na kanisani, akakitumia kwa namna yake. Kwake kila kitu kilikuwa "ile": maji ile, kitanda ile, hata mtoto ile. Elinipa, mtoto wa mjini, hakujua Kimeru zaidi ya salamu. Basi Bibi alijitahidi kwa Kiswahili chake, na siku zote walielewana.

Kando ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, palikuwa na bustani ndogo iliyozungushiwa mawe. Humo mlikuwa na ua linaloitwa anemoni. Babu alikuwa mtunza bustani kwenye shamba kubwa la kahawa, na alipostaafu aliomba apewe mizizi ya ua hilo badala ya saa ya ukutani aliyoandaliwa. Watu walimcheka. Yeye aliifunga mizizi kwenye jani la mgomba na kuja nayo nyumbani.

Anemoni halipandwi kila mwaka. Likishaipenda ardhi, hukaa. Wakati wa kiangazi majani yake hukauka, na asiyelijua hudhani limekufa. Masika yakinyesha huchipua, na baridi ya katikati ya mwaka inapofika, mashina yake membamba hufikia kiuno cha mtu mzima. Hapo hutoa maua meupe yenye kitovu cha manjano, yanayotikisika hata kwa upepo mdogo. Elinipa hakuwahi kuyaona. Alifika Januari, akakuta majani ya kahawia yaliyojikunja.

"Bibi yako amepanda nini kwenye yale mawe?" aliuliza Kisioki, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa moja.

"Anemoni."

"Nimonia? Wenzenu wanakwenda hospitali kuitibu, nyinyi mnaipanda?"

"Anemoni, wewe. Ni ua."

"Mbona limekufa? Basi kweli ni nimonia."

Mwishoni mwa Februari kulikuwa na jambo lililomsumbua Bibi kuliko magoti. Mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia shambani na kutafuna miche ya kahawa. Alhamisi jioni alimchukua Elinipa wakateremka mpaka mwisho wa shamba. Bibi alishika nguzo moja ya uzio wa zamani, akaitikisa. Ikakatika mkononi mwake.

"Unaona? Ua imeoza," alisema. "Jumamosi Mjomba Godbless analeta nguzo mpya. Maskini, ameomba ruhusa kwa fundi wake. Siku ni moja tu."

Ijumaa asubuhi Bibi alivaa kitenge cheusi kwenda msibani. Mlangoni aligeuka.

"Elinipa, leo ukitoka shule, ng'oa ua ile imekauka. Ng'oa yote. Mjomba wako asikute kitu."

"Sawa, Bibi."

Siku hiyo shuleni walibeba mawe ya kujengea choo kipya. Elinipa alirudi nyumbani mabega yakimwaka moto. Hakukuta mtu. Aliweka begi chini, akatazama mteremko mpaka kule chini, kwenye uzio. Ulikuwa mrefu. Nguzo zake zilikuwa zimefungwa kwa waya wenye kutu, na miiba ilikuwa imejisokota humo. Kisha akatazama bustani ndogo yenye mawe, hatua chache kutoka aliposimama. Majani makavu. Ua moja.

Bibi alisema ua, aliwaza. Na hili ni ua, na limekauka.

Akaikumbuka nguzo iliyokatika jana. Kumbukumbu hiyo ilikuja wazi kabisa, na yeye akaipuuza kama mtu anayefunga mlango taratibu. Alichukua jembe. Ardhi ilikuwa laini, na mizizi, myembamba kama kamba za viatu, ilitoka kwa mafungu. Aliitupa yote juu ya lundo la samadi. Mikono ilimwasha kwa sababu ya utomvu, akainawa, akala kiporo na kulala kabla Bibi hajarudi.

Jumamosi asubuhi gari dogo la mizigo lilisimama njiani. Mjomba Godbless, aliyekaa Sokon, Arusha mjini, na kufanya kazi ya ujenzi, alishusha nguzo za mkaratusi akisaidiana na dereva. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alishuka shambani, akarudi mara moja.

"Shikamoo, mama. Mbona uzio wa zamani bado umesimama? Nilidhani nitakuta mashimo yako tayari."

"Marahaba. Nilimwambia mtoto ile ang'oe." Bibi alimtazama Elinipa. "Hukung'oa?"

"Nimeng'oa, Bibi."

"Umeng'oa nini?"

Elinipa alionyesha kwa kidole. Bibi alikwenda mpaka kwenye mawe, akasimama. Udongo ulikuwa umegeuzwa, mweusi na mtupu. Aliinama, mkono mmoja kwenye goti.

"Ile ya Babu," alisema hatimaye.

"Bibi, ulisema ua," Elinipa alijitetea. "Hukusema uzio. Na ungesema 'ua ule uliokauka' ningejua ni uzio. Kama ni ua la bustani, ni 'ua lile'. Mwalimu ametufundisha ngeli. Wewe kila kitu unasema 'ile', sasa mtu atajuaje?"

"Eli, nyamaza," alisema Mjomba Godbless.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Dereva alijifanya anakagua tairi. Bibi alikaza kitenge kiunoni, akateremka shambani na kuanza kung'oa nguzo kwa mikono yake. Mjomba akamfuata. Kutwa nzima walifanya kazi, na jioni Mjomba aliondoka sehemu ya uzio ikiwa haijakamilika.

Tangu siku hiyo Bibi hakumwambia Elinipa neno. Hakumgombeza, wala hakumnyima chakula. Alionyesha ndoo kwa kidevu, na panga kwa kidole. Shikamoo aliitikia kwa kutikisa kichwa. Kimeru chake kilibaki kwa ng'ombe, na ng'ombe alikuwa akiambiwa mengi kuliko mtu. Nyumba ilikuwa kimya mpaka Elinipa akatamani agombezwe.

Alijiambia kwamba Bibi atasahau. Kisha siku moja, wakitoka shule, Kisioki alimuuliza, "Bibi yako anaumwa?"

"Haumwi. Kwa nini?"

"Mama anasema jana kwenye ibada ya jumuiya alikataa kuomba. Na siku zote yeye ndiye anayefunga ibada kwa maombi. Mwinjilisti alimwomba mara ya pili, akasema Kiswahili chake ni kibovu, kina aibu. Amesema ameambiwa na mjukuu wake." Kisioki alimtazama pembeni. "Wewe kweli ulimwambia hivyo? Mimi bibi yangu ningemwambia hivyo, ningelala na mbuzi."

Elinipa hakucheka. Alipanda njia yote akiwa na uzito kifuani uliozidi ule wa mawe ya choo. Alijua sasa kwamba kosa lake kubwa halikuwa la kung'oa ua. Bibi alikuwa ameitumia lugha hiyo kwa ajili yake yeye, asiyejua Kimeru, naye akaichukua na kumpiga nayo mbele ya watu.

Alimkuta Bibi jikoni akimenya ndizi. Akapiga magoti karibu naye.

"Bibi, nilijua," alisema.

Kisu kilisimama.

"Alhamisi ulishika nguzo ukasema ua imeoza. Nilikumbuka. Niliposimama pale na jembe, nilikumbuka kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka, na uzio ulikuwa mbali, na bustani ilikuwa karibu. Nikachagua kusikia vile. Halafu nikasingizia Kiswahili chako. Kiswahili chako hakikukosea. Ni mimi niliyedanganya. Nisamehe, Bibi."

Bibi alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. Akaiweka kwenye sufuria. Akafuta mikono.

"Mizizi ile ulitupa wapi?" aliuliza.

Zilikuwa siku nyingi tangu Elinipa aisikie sauti hiyo ikisema naye. Machozi yakamtoka.

"Kwenye samadi."

"Haya. Lia baadaye. Twende."

Walipekua lundo la samadi kwa mikono. Mizizi mingine ilikuwa imeungua kwa joto la mbolea, imekuwa laini na myeusi. Mingine, iliyoangukia pembeni, ilikuwa bado migumu. Bibi aliikata vipande vyenye urefu wa kidole, akamwonyesha Elinipa namna ya kuvilaza ndani ya udongo wenye mchanga katika beseni kuukuu lililotobolewa chini. Vingine walivirudisha kwenye bustani.

"Usizamishe sana. Funika kidogo, kama mtu anafunika mtoto," alisema. "Kivuli. Maji kidogo kila siku. Udongo usikauke, usiwe tope."

"Itaota?"

"Sijui. Babu yako alijua. Mimi nilikuwa naangalia tu."

Kwa hiyo Elinipa akaongeza safari ya mfereji. Alikwenda asubuhi akiwa na usingizi, na jioni akiwa na njaa. Siku ya Jumamosi alimsaidia Mjomba Godbless kumalizia uzio, akavuta waya mpaka viganja vikachubuka. Alimwomba na yeye msamaha. Mjomba alisema, "Nimesikia. Shika huku, usilegeze," na hilo likawa limekwisha.

Beseni lilikaa tu. Masika yakaanza, mahindi yakaota, maharage yakaota, magugu yakaota kuliko vyote, lakini katika beseni hapakuwa na kitu. Kisioki alipita akachungulia.

"Nimonia yenu imepona kabisa," alisema. "Hata dalili hamna."

"Pita zako," alijibu Elinipa. Hakuwa na nguvu ya kugombana. Aliendelea kumwagia hata pale alipokuwa haamini tena, kwa sababu kuacha kungekuwa kusema kwamba amemaliza, naye hakuwa amemaliza.

Asubuhi moja ya ukungu, alipoinamisha kikombe cha maji, aliona kitu kidogo chenye manyoya meupe kikiwa kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Karibu yake palikuwa na kingine. Alikwenda kwenye bustani yenye mawe, akapekua nyasi kwa vidole. Hata huko, mizizi iliyokatikia chini jembe lilipopita ilikuwa imetoa majani madogo yenye meno pembeni. Hakupiga kelele. Alikwenda kumshika Bibi mkono, akamleta polepole kwa sababu ya magoti.

Bibi aliinama, akatazama. "Imerudi," alisema, kisha akaongeza kwa Kimeru maneno ambayo Elinipa hakuyaelewa, lakini alijua hayakuwa ya ng'ombe.

Jumatano iliyofuata jumuiya ilikutana nyumbani kwao. Wanawake walijaa sebuleni na miavuli yao imelowa. Mwinjilisti alipotafuta wa kufunga ibada kwa maombi, alimtazama Bibi Naipanoi kwa tahadhari. Elinipa, aliyekuwa akigawa vikombe, alisimama. Bibi aliinuka, akashika kiti, akaomba. Aliomba kwa ajili ya mvua ile, na wagonjwa ile, na Ruth na mtoto ile anakuja. Aliomba kwa muda mrefu, na hakuna aliyejitikisa mpaka waliposema amina.

Wageni walipoondoka, Elinipa alikusanya vikombe. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake.

"Bibi, mwaka huu litatoa maua?"

"Mwaka huu hapana. Ua ile ikisumbuliwa, inanuna. Labda mwaka kesho, wewe utakuwa umerudi kwa mama yako. Utakuja kuangalia." Alinyoosha mguu uliomuuma. "Sasa sikiliza. Kuchoka si dhambi. Mimi nimechoka toka zamani, na Mungu anajua. Lakini mtu akichoka, sikio yake inatafuta kazi ile ndogo. Inasikia ile inataka. Kiswahili yangu imepinda, ni kweli. Lakini sikio yako siku ile ilikuwa nzima."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo ukichoka, usijidanganye. Njoo uniambie, 'Bibi, nimechoka, ni ua gani?' Nitakujibu. Na kama kazi ni nzito, tutafanya kesho, wawili. Kazi ikichelewa, inafanyika. Neno ukishamtupia mtu, huwezi kupekua samadi ukaitoa."

Elinipa alikaa chini, akauchukua mguu wa Bibi mapajani mwake na kuanza kulikanda goti. Nje mvua ilikuwa ikiendelea. Baada ya muda alisikia Bibi akikoroma kidogo, naye akaendelea kukanda polepole, ili asimwamshe.