Prizi ya Lusangi

Rafiki yangu Djuma ni fundi wa umeme hapa Kasongo. Siku moja ya mvua, mama mujane wa kule Lusangi alimuita aje kutoa prizi, soketi ya umeme, ukutani. Akafika na pikipiki, mugongo unamuuma, akitaka tu kumaliza arudi.

Chumba kilikuwa giza hata muchana. Fishi ya redio, ile plagi yake, ilikuwa bado imechomekwa kwenye prizi, waya wake umekatwa.

"Redio nilimupa shemeji," mama akasema. "Lakini hii prizi inavuma tu, kila siku. Nimechoka, baba."

Djuma akatega sikio. Kweli, mvumo mudogo ulitoka ukutani, unakatika, unarudi.

Akafungua visi, zile skrubu za prizi. Nyuma hakukuwa na waya, ni tofali kavu tu.

"Mama, umeme uliingia huku lini?"

"Haujaingia. Marehemu bwana yangu aliweka hii prizi akiungojea. Redio ilikuwa ya mabuwe, ya betri tu, lakini fishi aliichomeka. Alisema siku moja utakuja."

Djuma akaichomoa. Mvumo ukanyamaza, fishi ikaanguka kiganjani mwake. Jana alinifungulia mukono nione pale vyuma viwili vya fishi vilipomuunguza: alama mbili za mviringo, zimekaribiana.