Chuma Kilichokatwa Kinyume

Jumatatu asubuhi mpimaji alipanga vipande vya kielelezo ndani ya fremu ya koili, akawasha umeme, akatazama mita. Akazima, akarudia. Chuma kile, kilichotumika kuhakiki vipimo vyote vya kiwanda cha transfoma, kilikuwa kinapoteza nishati karibu mara mbili ya kawaida yake. Alijaribu chuma kingine, kipimo kikaja sawa. Mita ilikuwa nzima. Basi vipande vilikuwa vimebadilishwa.

Meneja hakuuma maneno. "Ufunguo wa kabati la vielelezo anao mtunza stoo. Amechukua chuma kizuri, akatuwekea takataka. Leo hii aende kwao."

"Nipe mpaka jioni, bosi," mpimaji akasema.

Mtunza stoo, binti mwenye mimba kubwa, alijibu taratibu. "Dada, ufunguo hutundikwa ukutani. Ijumaa niliwahi kutoka, nikaenda kliniki. Walibaki dereva wa foko ya kuinulia mizigo na Mjomba."

Kiwanda kizima kilimwita Mjomba, lakini kwa mpimaji alikuwa mjomba wa damu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ndiye fundi wa mashine ya kukatia.

Dereva alicheka. "Vibati vile nivipeleke wapi? Ijumaa nilikuwa getini napakia mzigo. Muulize mlinzi." Mlinzi akakubali.

Mpimaji akarudi kwenye vipande. Uzito, urefu, unene: vyote sawa. Akakiinamisha kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Mistari myembamba inayobaki chuma kinapobanwa na roli kuwa bati ilipaswa kufuata urefu wa kipande. Hii ilikatiza upana, na chuma cha namna hii kikikatwa hivyo, sumaku hupita kwa taabu, nishati ikaishia kuwa joto.

Haikuwa takataka. Kilikuwa chuma kilekile kizuri, kimekatwa kinyume. Mwizi asingerudisha chuma kizuri, na fundi asingeikosea mistari ile, ila kama haioni.

Alimkuta mjomba wake peke yake, akampa lebo ya karatasi. "Nisomee hii."

Mzee akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Miwani nimeisahau, mama."

"Mjomba, vile vipande umevikata wewe."

Mzee akavua glavu. "Boksi la vielelezo liliniponyoka, vikapindika. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa chuma kikishapindwa, kipimo chake hakirudi. Nikakata vingine. Nilidhani macho yangali yananitosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wakijua sioni, watanitoa mashineni. Tangu mke wangu afariki, nyumbani naongea na kuta."

"Na yule binti anafukuzwa kazi kwa ajili ya vipande hivyo."

Mzee akainuka ghafla. "Hilo sikulijua. Nishike mkono, twende. Nitasema kwa mdomo wangu."

Mbele ya meneja, mzee akasema yote, bila kujipunguzia. Meneja akamwita mtunza stoo, akamwomba radhi mbele yao. Kisha akamgeukia mzee. "Mashine utaiacha, Mjomba. Lakini kesho uende kwa daktari wa macho. Hufukuzwi kabla ya hapo."

Daktari alikuta ni mtoto wa jicho, wa kutolewa kwa upasuaji. Siku bandeji ilipofunguliwa, mpimaji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mzee akamtazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono, akamgusa kichwani.

"Kumbe una mvi," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."