Mshono Juu ya Ufa

Maiti ilikuwa chini ya gari, chali, kofia ya kuchomelea ingali usoni. Nje ilionekana miguu tu, kuanzia magotini. Inspekta alichuchumaa, magoti yake yakalia, akamtazama marehemu. Ilikuwa saa nne asubuhi na hata chai alikuwa hajanywa.

Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye gereji hiyo. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mshono, kwa jinsi moto wake ulivyolala kwenye chuma sawasawa kama uzi wa cherehani. Gari lilikuwa la wapima ardhi, la kupanda mawe na kuvuka makorongo, na asubuhi hiyo alikuwa akilichomelea mabamba ya chuma kwa chini, yale ya kukinga vishikio vya suspensheni, yaani springi zinazobeba magurudumu, visigongwe na mawe. Bamba la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilishikizwa kwa nukta mbili tu za moto.

"Jeki imemwangusha," alisema mkwewe.

Huyu alikuwa mume wa binti pekee wa marehemu, na fundi mwenzake kwa miaka kumi. Walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Alisimama mlangoni, mkononi ana pakiti mpya ya vijiti vya kuchomelea. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba vijiti viliwaishia, baba mkwe akamtuma duka la kona, na aliporudi akakuta gari limeshuka.

Sajenti alishafungua daftari. Aliona ni ajali ya kazi, ya kuandikwa na kufungwa kabla ya mchana. Inspekta alitamani iwe hivyo. Miaka ishirini na sita ya kuchungulia maiti za watu ilikuwa imemkaa mgongoni, na siku hizi jambo lililokuwa wazi alilipenda kama mtu apendavyo kiti.

Lakini sakafuni hapakuwa na hata tone la mafuta. Jeki ikipasuka humwaga mafuta, na hii ilikuwa kavu. Skrubu yake ya kushushia ilikuwa imelegezwa mizunguko miwili kamili. Skrubu ile haizungushwi ila kwa chuma chake, na chuma kilikuwa kimeegemezwa ukutani, hatua tatu mbali. Marehemu alikuwa na koleo la kuchomelea mkononi, kijiti kipya kimechomekwa.

Pembeni ya mashine palikuwa na pakiti nyingine ya vijiti, saizi ileile. Inspekta alivimwaga kiganjani. Vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu.

"Ulisema viliisha."

Kimya aliitazama pakiti. "Hiyo sikuiona."

"Iko palepale mnapofanyia kazi."

Kimya aliiweka pakiti yake mpya juu ya mashine.

Kwenye kona, chini ya gunia, sajenti akavuta bamba kuukuu lililopondeka. Lilikuwa limekatwa upya kwa grenda, kingo zikimeta, na kipande cha fremu ya gari lingine bado kimeng'ang'ania nyuma yake. Inspekta aliuliza limetoka wapi. Kimya alisema ni chuma chakavu tu. Alilisema hilo haraka mno, yeye ambaye asubuhi yote alikuwa akiyapima maneno yake kama dawa.

Bamba likapelekwa kwa mkaguzi wa magari, mzee mwenye miwani minene asiyependa kuongea na polisi. Siku ya pili aliita. Akaligeuza bamba juu ya meza, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: kishikio cha suspensheni kilikuwa na ufa. Kutu ilikuwa imekula hadi ndani ya ufa ule, na moto wa bamba umepita juu ya kutu hiyo. Maana yake ufa ulitangulia.

"Aliyechomelea aliuona?" aliuliza Inspekta.

"Labda awe kipofu. Na kipofu hatoi mshono kama huu." Alivua miwani, akaifuta. "Huo ufa ulihitaji suspensheni yote ifunguliwe. Kazi ya siku mbili. Yeye ameufunika kwa saa moja."

Kwenye kipande cha fremu palikuwa na namba. Inspekta alipoisoma alikaa chini. Aliijua. Miaka miwili nyuma gari hilo, likipeleka dawa kwenye zahanati za milimani, liliacha barabara kwenye kona na kuua watu watatu: manesi wawili na dereva. Faili alilifunga yeye mwenyewe. Kabini nzima ilinuka pombe, akaandika: dereva alikuwa amelewa. Damu haikupimwa, kwa sababu maabara ilikuwa mbali na siku hiyo alikuwa na maiti nyingine mbili.

Alilitafuta lile faili akalisoma upya. Katika orodha ya mizigo, mstari wa saba, palikuwa na chupa kumi na mbili za spiriti ya kusafishia vidonda. Zote zilivunjika.

Dereva alikuwa kaka yake Kimya.

Mlinzi wa uwanja wa magari mabovu alithibitisha yaliyobaki. Siku moja kabla ya kifo cha mzee, mtu mpole alifika kutafuta vyuma. Aliliona gari lile, akalala chini yake muda mrefu, kisha akaomba umeme wa grenda. Alipotoka, alisema mlinzi, alikuwa kama mtu aliyetoka kuoga vumbi, ila chini ya macho palikuwa na mistari miwili safi.

Jioni hiyo Kimya aliketi mbele ya Inspekta. Alionywa kwamba atakayoyasema yataandikwa. Inspekta akaweka bamba mezani, halafu, kando yake, faili lake la zamani.

"Hili nililiandika mimi," alisema. "Nilikosea."

Kimya alisoma mstari mmoja tu. Kisha akaanza kuongea, na ilionekana kwamba alikuwa amechoka kunyamaza kuliko alivyoogopa kufungwa.

Alisema mshono ule aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko. Alilifikisha bamba gerejini asubuhi, akamwonyesha mzee. Mzee hakukana. Alisema wenye gari walikuwa na haraka, naye akaona bamba litashikilia. Kumbe baba mkwe alikuwa akijua siku zote. Msibani alikaa mstari wa mbele, akawaambia wafiwa kwamba kijana alipenda chupa.

"Miaka miwili mama yangu hajapita sokoni. Watoto wa kaka wanaitwa watoto wa mlevi. Nilimwomba kitu kimoja, afande. Aende kwa mama yangu aseme ukweli. Basi."

"Akasemaje?"

"Aliingia chini ya gari. Akaniambia ninyanyue gari kwa jeki, nitoe stendi za kulishikilia, zinamzuia kufika kwenye kishikio. Nikatoa. Gari likabaki juu ya jeki peke yake. Nikamwomba tena. Akasema, hayo yamepita, nipe kijiti. Nikampa. Chuma cha jeki kilikuwa mkononi mwangu."

"Ulikusudia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Mzunguko wa kwanza sijui. Wa pili nilikusudia."

Aliuliza kama mkewe ameambiwa. Inspekta alimjibu kwamba ameambiwa. Kimya akatia sahihi kila ukurasa, polepole.

Mama yake Kimya alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu mchana, mikono imefumbatwa mapajani. Inspekta alikaa kando yake badala ya kusimama. Akamweleza yote, taratibu: ufa, bamba, chupa za spiriti, faili. Na jeki.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo yule mkubwa hakuwa amelewa, mwanangu?"

"Hakuwa, mama. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Kesho nitaandika upya."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja. Halafu akauliza kama huyu mdogo amepewa chochote cha kula tangu asubuhi.